Urefu wa Mbuzi wa Taifa

Nchi ninayoisimulia ina jina, tena zuri, lakini siku hizi ninapoandika jina hilo limepelekwa wizarani kuangaliwa kama bado linafaa, na sisi raia tumeombwa tusilitumie mpaka litakaporudi. Kwa hiyo nitasema tu "nchi yetu," na msomaji wa mbali asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ni nchi ya joto, vumbi, miiba na serikali sikivu, na zamani ilikuwa na mbuzi na kondoo wengi kuliko watu.

Mbuzi hao walikuwa na kosa moja tu. Walikuwa wafupi.

Hatukulijua kosa hilo mpaka Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alipotoka safari ya nchi moja ya baridi. Huko alialikwa kwenye maonyesho ya kilimo akaonyeshwa beberu mwenye kimo cha ndama, manyoya yanayofika magotini na ndevu kama za balozi. Inasemekana Mheshimiwa alisimama mbele ya mnyama yule kwa muda mrefu. Aliporudi alilihutubia taifa palepale uwanja wa ndege, hata nyumbani hajafika.

"Ndugu wananchi, nimeona mbuzi," alisema. "Nimemtazama mbuzi machoni bila kuinama. Nikajiuliza, miaka yote hii sisi tumekuwa tukimwinamia nani? Tumekuwa tukiwainamia mbuzi wetu. Taifa linaloinamia mbuzi haliwezi kusimama wima."

Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, maana nilikuwa nimeinama mara nyingi mwaka ule, na nikafurahi kujua sababu.

Wiki ileile ikaundwa Idara ya Urefu wa Mifugo, na mkurugenzi wake akawa Bwana Kipepe, ambaye awali alisimamia taa za barabarani na hivyo alikuwa na uzoefu wa vitu virefu. Bwana Kipepe hakuchelewa. Alitangaza kwamba kila beberu na kila kondoo dume nchini atahasiwa ili ufupi ukome na kizazi hiki. Kisha serikali italeta madume warefu kutoka ng'ambo, mmoja kila wilaya, wawe baba wa mbuzi wapya. Habari za kondoo zingefuata baadaye.

Palikuwa na tatizo dogo la lugha. Katika nchi yetu, beberu ni mbuzi dume, lakini vilevile ni yule mgeni aliyetunyonya zamani, ambaye watoto shuleni huimba kila asubuhi namna tulivyomfukuza. Isingependeza serikali itangaze kwamba imewaita mabeberu warudi, tena kwa zulia jekundu. Idara ikakaa kikao, ikaafikiana kwamba dume wa kutoka ng'ambo ataitwa Mgeni Rasmi. Madume wetu wa nyumbani waliachiwa jina lao la beberu, na jambo hilo liliwarahisishia wananchi kukubali wahasiwe.

*

Kijiji cha Ngurumbi kiko kando ya mto unaotutenga na nchi jirani. Hapo waliishi mzee Mwinyikondo na mkewe Sikudhani. Walijaliwa mtoto mmoja, Zuhura, naye Zuhura alifariki akijifungua, akaacha kitoto cha kike kinachoitwa Salme. Wazee wale waliendelea kuitana Baba Zuhura na Mama Zuhura kama zamani, na hakuna jirani aliyethubutu kuwaambia wabadilishe.

Salme alilelewa kwa maziwa ya mbuzi. Kila alfajiri Sikudhani alikamua, akachemsha, akayapoza kwa kuyamimina kikombe hadi kikombe, akamlisha mtoto kwa kijiko huku akimwimbia. Uji mtoto aliutapika. Maziwa ya ng'ombe yalimharisha. Ya mbuzi aliyanywa, akacheka, akalala. Mbuzi wa Ngurumbi walikuwa wafupi, hilo halina ubishi, lakini walizaa pacha, na hata mvua ilipokataa walikula maganda ya miiba na bado chuchu zao zikawa na kitu. Nasema hivi si kwa kuwasifu. Wakati huo kuwasifu lilikuwa kosa.

Karibu mbuzi wote wa kijiji walikuwa watoto au wajukuu wa beberu mmoja wa mzee Mwinyikondo, aliyeitwa Mwekundu kwa ajili ya rangi yake. Alikuwa na harufu kali na tabia ya kusimama juu ya kichuguu na kutazama watu kana kwamba ndiye aliyewakodisha mashamba.

Mzee Mwinyikondo alikuwa mtu wa kuamini. Alikuwa na redio, na ilichokisema redio kwake kilikuwa kimeshatokea. Serikali iliposema watu walime pamba, alikuwa wa kwanza kulima. Iliposema pamba ing'olewe, alikuwa wa kwanza kung'oa. Sasa gari la Idara lilipofika Ngurumbi na makoleo ya kuhasia, watu wengine walikuwa wamewaficha mabeberu wao vichakani. Yeye alimshika Mwekundu pembe akamleta mwenyewe mpaka mbele ya gari.

"Baba Zuhura," Sikudhani alimwambia kwa sauti ya chini, "tungengoja kwanza hao warefu wafike."

"Serikali haibomoi nyumba kabla haijajenga nyingine."

"Ilitubomolea ile ya kule bondeni."

"Ile ilikuwa wizara nyingine," mzee alijibu.

Sikudhani aliingia ndani na Salme. Alisikia Mwekundu akilia mara moja, kisha kimya. Alipotoka, alimkuta amelala ubavuni mwa zizi, na mumewe amechuchumaa kando yake akimpepea nzi kwa kofia mpya. Kofia ile ilikuwa zawadi. Palepale mzee alikuwa ametangazwa kuwa Mfugaji wa Mfano, na waliokuwa wameficha mabeberu wao walitajwa kwa majina, wakaona aibu na kwenda kuwaleta. Kufika jioni hapakuwa na dume mzima Ngurumbi wala vijiji vya karibu. Bwana Kipepe aliliita jambo hilo ukombozi wa pili.

*

Mgeni Rasmi aliletwa kwa lori lenye maua. Watoto waliimba, zulia likatandikwa mpaka mlangoni kwa mzee Mwinyikondo, kwa kuwa ilikuwa imeamuliwa kwamba atafikia kwa Mfugaji wa Mfano. Itifaki haikuruhusu alale zizini. Akapewa chumba cha kulala, na wenye nyumba wakahamia jikoni. Pamoja naye ililetwa feni. Umeme Ngurumbi haukuwepo, ila Bwana Kipepe alieleza kwamba feni inakuja kwanza ili umeme ukifika usikute pengo. Wakati wa kuungoja, mzee alimpepea Mgeni kwa ungo.

Alikuwa mnyama mpole. Manyoya yake yalikuwa marefu na mazito kama blanketi, na jua letu lilipopiga alihema mpaka mbavu zikagonga. Hakupenda miiba, na nyasi hazikuwepo. Mbuzi majike walipotaka dume, walikusanyika mlangoni wakalia na kutikisa mikia. Mgeni Rasmi aliinuka, akapiga hatua chache, akasimama akihema, akarudi kulala. Katika taarifa yake Bwana Kipepe aliandika kwamba Mgeni Rasmi bado anafanya mashauriano.

Kisha kupe walimvamia. Walijificha ndani ya manyoya yale kama watu waliopata nyumba za bure. Mzee Mwinyikondo alikaa naye kutwa akiwatoa kwa vidole, akimsemesha taratibu namna mtu anavyosema na mgonjwa wa nyumbani. "Vumilia, mgeni. Mvua ikija utapata nafuu. Huku kwetu mvua huja."

Mwanzoni Sikudhani alimchukia mnyama yule, kwa ajili ya chumba chake na kwa ajili ya Mwekundu. Siku moja alipeleka maji, akamkuta mumewe amemlaza kichwa pajani, Mgeni ametumbua macho akitazama upande wa mlango. Alisimama akawatazama wote wawili.

"Naye pia hakuomba kuja," alisema, akayaweka yale maji karibu na mdomo wake.

Hakuyanywa. Alikufa adhuhuri ileile, na mzee Mwinyikondo alimlilia.

*

Bwana Kipepe alifika haraka kuliko alivyowahi kufika kwa jambo lolote. Aliutazama mzoga, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hajafa," alisema.

"Mheshimiwa, amekufa. Nilikuwa nimempakata."

"Mzee, wewe ni Mfugaji wa Mfano. Nakuuliza kama mtu mwelewa. Mheshimiwa Mlezi wa Taifa anakuja hapa kumwona kwa macho yake. Umewahi kusikia mgeni rasmi akafa kabla ya sherehe?"

Mzee alifikiri. Kweli hakuwahi kusikia.

"Basi hajafa," Bwana Kipepe alisema, akaagiza kisu.

Walimchuna Mgeni Rasmi nyuma ya nyumba, mwili wakauzika palepale. Ngozi iliyokauka waliichukua wakamvisha Mwekundu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko mbuzi wengine na, tangu ahasiwe, alikuwa amenenepa na kupoa. Ilimzidi. Nyuma iliburuzika ardhini kama kanzu ya kuazima, na mbele walimfunga ndevu kwa uzi.

Miezi hiyo yote mambo mengine yalikuwa yanatokea ambayo hayakuwa katika ratiba. Mbuzi jike hatoi maziwa kwa heshima ya serikali, hutoa kwa kuwa amezaa. Majike waliokuwa wakinyonyesha tangu msimu uliopita walipungua maziwa, kibuyu kikawa kikombe, kikombe kikawa vijiko, na hakuna aliyekuwa na mimba. Sikudhani alizunguka kijiji kizima na kikombe chake. Kila nyumba ilikuwa vilevile. Salme, aliyekuwa ameanza kusimama kwa kushika kuta, aliacha kusimama. Miguu yake ikawa myembamba, na nywele zake zikageuka rangi. Zahanati walimpima, wakasikitika, wakambandikia bibi yake mbele ya macho bango jipya lenye picha ya bilauri ya maziwa, na chini yake maneno: Maziwa ni Haki ya Mtoto. Sikudhani hakujua kusoma, lakini ile picha aliielewa.

Siku ya ziara, Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alisimama mbele ya mnyama aliyeletwa kwake, akamtazama juu hadi chini. Hakukuwa na juu nyingi.

"Amekonda kidogo," alisema.

"Ni kazi nyingi, Mheshimiwa," Bwana Kipepe alijibu.

Mheshimiwa aliridhika. Alimvisha shingoni Nishani ya Uzazi, Daraja la Kwanza, na Mwekundu, ambaye kabla ya ukombozi alikuwa baba wa mbuzi wote wa Ngurumbi bila kupewa chochote, aliipokea kwa utulivu akaanza kuutafuna utepe wake. Kisha Mheshimiwa akamgeukia mzee Mwinyikondo. "Na hali ya uzazi ikoje hapa, mzee wangu?"

Watu wote walimtazama mzee. Alikuwa amevaa kofia yake.

"Inaendelea vizuri, Mheshimiwa."

Ikaja zamu ya mwanamke kutoa shukrani kwa niaba ya wanawake. Sikudhani alisogea akiwa amembeba Salme mgongoni. Alimfungua, akampakata mbele ili aonekane.

"Mheshimiwa, mtoto wangu hana maziwa," alisema.

Hakupaza sauti. Bwana Kipepe aliinama sikioni kwa Mheshimiwa. "Anasema mtoto amefurahi kukuona," akamfafanulia, ingawa wote walikuwa wakisema lugha moja. Mheshimiwa alimpapasa Salme shavuni kwa kidole. Picha ile ilitoka magazetini. Ninayo mpaka leo. Mtoto anaitazama nishani, bibi anamtazama Mheshimiwa, na Mheshimiwa anaitazama kamera.

*

Wageni walipoondoka, mzee Mwinyikondo aliingia jikoni akakaa juu ya kinu kilichoinamishwa. Saa ya taarifa ya habari ilifika. Hakufungua redio.

"Mama Zuhura," alisema, "mpeleke kwa Mwatima."

Mwatima alikuwa mdogo wake Sikudhani, aliyeolewa ng'ambo ya mto, katika ile nchi jirani ambayo magazeti yetu huieleza kuwa iko nyuma sana. Ilikuwa nyuma kweli. Walikuwa hawajahasi hata beberu mmoja.

"Twende sote," Sikudhani alisema.

"Mimi siwezi. Chakula cha Mgeni kinaletwa kila Ijumaa, lazima nikipokee. Nisipoonekana watasema nimetoroka naye."

"Baba Zuhura. Yule amekufa."

"Najua amekufa. Nimemzika kwa mikono hii." Aliitazama mikono yake. "Nimesema uongo mbele ya mtoto, mke wangu. Mtoto wa Zuhura yuko pale ananisikia, nami nasema inaendelea vizuri."

Sikudhani aliifungua kanga yake, akaanza kukunja vitu vya mtoto.

Alivuka asubuhi kwenye kivuko, wakati maji yakifika magotini, Salme amelala mgongoni. Hakuna aliyemsimamisha. Siku hizo mpaka ulikuwa bado haujafikiriwa sana.

Kwa Mwatima palinuka mabeberu. Sikudhani alisimama uani akaivuta harufu ile kama mtu aliyesikia adhana baada ya safari ndefu. Nao walikuwa mabeberu wafupi, wekundu, wenye dharau. Mwatima alipoolewa, baba yao alimpa mbuzi wa Ngurumbi, wa ukoo wa Mwekundu, na hawa walikuwa uzao wao.

"Shikamoo, dada. Mbona mtoto yuko hivi?" Mwatima aliuliza, akimpokea.

"Marahaba. Usiniulize sasa. Mpe maziwa kwanza."

Siku ya kwanza Salme alimeza vijiko vichache na kulala. Baada ya siku chache alishika kikombe mwenyewe. Akaanza kulia kwa nguvu, na Sikudhani akafurahia kila kilio, kwa kuwa kule nyumbani mtoto alikuwa ameacha hata kulia. Mwezi ulipoandama tena alisimama, akashika mkia wa mwanambuzi, akaburutwa naye uani akicheka.

"Mwache hapa mpaka apate nguvu kabisa," Mwatima alimwambia. "Mimi sikujaliwa, dada, unajua. Nitamtunza. Wewe chukua beberu mmoja urudi naye. Mbuzi wako wakizaa, uje umchukue mwenyewe."

Sikudhani alilifikiria jambo hilo akiwa anaanika nguo za mtoto kwenye kamba. Lilikuwa jambo la akili. Miezi mitano mbuzi huzaa. Mvua za vuli zingekuta kibuyu kimejaa. Alikubali. Siku ya kuondoka, Salme aliishika ncha ya kanga yake akakataa kuiachia, kwa hiyo Sikudhani aliivua ile kanga akamwachia, akaondoka amejifunga ya Mwatima.

*

Kivukoni sasa palikuwa na kizuizi, meza na afisa. Inaelekea taarifa zilikuwa zimefika makao makuu kwamba baadhi ya wananchi wanakimbilia ufupi.

"Huyu nani?" afisa aliuliza.

"Beberu."

Kalamu ya afisa ilisimama. Alikuwa kijana mwenye adabu, alimwita Sikudhani mama muda wote, lakini katika shule aliyosoma neno lile halikuwa la mbuzi.

"Mama, unasema unaingiza beberu. Kutoka nje."

"Wa kupandisha mbuzi wangu, baba. Mtoto wangu anahitaji maziwa."

"Ni raia wa wapi?"

"Mbuzi?"

"Ndiyo, mama."

"Asili yake ni kwetu. Baba yangu ndiye aliyemtoa bibi yake hapa."

"Basi ni wa kwetu aliyekwenda kuishi nao," afisa alisema kwa huzuni. "Hiyo ni mbaya zaidi."

Alipelekwa mahakamani, yeye na beberu, kwenye gari moja. Mwendesha mashtaka alisema maneno mengi. Alisema kwamba nchi yetu ilimfukuza beberu kwa damu, na leo mwanamke huyu anamrudisha kwa kamba. Hakimu alimwuliza Sikudhani mtoto yuko wapi. Aliposema yuko ng'ambo kwa mdogo wake anakunywa maziwa, watu waliguna, na hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amempeleka raia mchanga akalelewe kwa maziwa ya mabeberu. Beberu hana maziwa, lakini hakuna aliyeona kuwa ule ni wakati wa kumkumbusha.

Hapo ndipo mzee Mwinyikondo aliposimama nyuma ya chumba. Alivua kofia yake ya Mfugaji wa Mfano.

"Mheshimiwa hakimu, naomba kusema. Mke wangu hana kosa. Mgeni Rasmi alikufa. Mimi ndiye niliyemzika, naweza kuwaonyesha. Yule aliyepewa nishani ni mbuzi wangu aliyehasiwa. Hakuna mbuzi mwenye mimba Ngurumbi. Nilimdanganya Mheshimiwa Mlezi wa Taifa, na mtoto alikuwa karibu kufa. Nihukumuni mimi."

Bwana Kipepe, aliyekuwa amekaa mbele kama mtaalamu, alinong'ona na mwendesha mashtaka. Hakimu alikuwa mtu mzima, na kwa kitambo alimtazama mzee kana kwamba anamfahamu. Kisha akatazama picha ya Mlezi wa Taifa iliyotundikwa ukutani juu ya kiti chake, akainamisha kichwa.

"Maneno hayo mahakama haikuyasikia," alisema. "Kama ingeyasikia, ingelazimika kuuliza ni nani aliyevishwa nishani."

Mzee Mwinyikondo alifungwa kwa kumvunjia heshima mwenye Nishani ya Uzazi. Beberu mdogo alihasiwa palepale uani kwa mahakama, ili haki ionekane ikitendeka. Na Sikudhani, kwa kuwa ni mzee na mahakama yetu ina huruma, aliachiliwa huru kwa sharti moja, kwamba hatavuka mto ule tena maisha yake yote.

Alipotoka nje, mumewe alikuwa anapandishwa garini. Aliruhusiwa kumkaribia.

"Umefanya nini, Baba Zuhura?"

"Nimesema kweli. Nilichelewa."

"Ulichelewa," Sikudhani alikubali, akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi.

*

Mradi ulifanikiwa. Mwishoni mwa mwaka wa tatu Idara ilipima mbuzi wote wa taifa, na ikagundua kwamba urefu wa wastani umeongezeka kwa kiasi kisichowahi kuonekana popote katika nchi za joto. Uzito nao ulikuwa umepanda. Wapinzani wachache walijaribu kueleza kwamba wastani umepanda kwa sababu hakuna mwanambuzi hata mmoja wa kuushusha, kwamba waliobaki ni wazee na waliohasiwa, tena wanapungua. Bwana Kipepe aliwajibu kwamba hata taa za barabarani huwa chache, lakini ni ndefu. Akapandishwa cheo.

Mbuzi wa Sikudhani walikufa mmojammoja kwa uzee. Mwekundu ndiye aliyebaki mwisho. Askari alikuja kila Ijumaa na chakula chake, akakila mwenyewe mlangoni, akamwomba Sikudhani maji ya kunawa. Zizi likaota nyasi, zile nyasi ambazo Mgeni Rasmi alizikosa.

Mzee Mwinyikondo alirudi kutoka gerezani akiwa amepungua mwili na haulizi habari. Siku ya kwanza alikaa mlangoni akitazama zizi. Mkewe alimletea uji.

"Salme?" aliuliza.

"Anakua, wanasema. Watu wanamwona sokoni ng'ambo. Mwatima ametuma neno kwamba kiangazi kikifika atamleta ukingoni tumwone."

"Mwambie asimlete huku," mzee alisema.

"Najua," Sikudhani alijibu. "Huku kuna nini."

Kiangazi kilipofika, mto ulipungua ukawa kijito kati ya mchanga. Walikwenda wote wawili wakasimama upande wetu, mbele ya askari wa mpaka, ambaye aliwaonyesha jiwe la kutolipita. Walisubiri. Halafu upande wa pili miti ikasogea, akatokea Mwatima, na mbele yake msichana mwenye miguu imara, anayeswaga mbuzi wawili na vitoto vyao, na kibuyu kidogo kimening'inia begani.

Sikudhani alikuwa ameandaa maneno mengi. Alilopata ni jina tu.

"Salme."

Msichana alisimama. Aliwatazama wazee wale, kisha akarudi nyuma akajishika kwenye nguo ya Mwatima. Kijito kilikuwa chembamba, kila kitu kilisikika.

"Mama, yule bibi ananijua?"

Mwatima alifunika mdomo kwa mkono. Alimsukuma mtoto taratibu mbele. Salme alisogea mpaka kwenye maji, akawatazama tena, sasa kwa uangalifu, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyowatazama wazee wasiowajua. Aliona mifupa ya mabega yao. Alikivua kile kibuyu.

"Shikamoo, bibi. Una njaa? Haya ni maziwa, nimekamua mimi mwenyewe. Njoo unywe."

Sikudhani alipiga hatua. Askari alikohoa. Alikuwa si mtu mbaya, alikohoa akitazama pembeni, lakini bunduki aliisogeza. Mzee Mwinyikondo alimshika mkewe mkono.

"Marahaba, mama," Sikudhani alisema. "Nimeshiba. Kunywa wewe."

"Yote?"

"Yote. Kunywa nikuone."

Basi mtoto alikaa juu ya mchanga, akakiinua kibuyu kwa mikono miwili akanywa, na wazee wale walisimama wakimtazama mpaka akamaliza.